Hamu ya maisha ikipungua ukiwa na miaka 40 au 50: namna ya kuirudisha kwenye siku zako za kawaida

Kuna kipindi mtu unafika, labda una miaka 42, labda 49, labda 55, kwa nje kila kitu kipo sawa tu, kazi inaenda, watoto wanakua au hukujaliwa na ulishakubali, afya sio mbaya sana, ila asubuhi ukifungua macho unajiuliza hivi leo naamka kwa ajili ya nini hasa. Sio kwamba unalia, wala hakuna msiba. Ni siku tu zinafanana, na vitu vilivyokuwa vinakupa mzuka zamani sasa hivi unavifanya kwa mazoea. Ukijaribu kumwambia mtu anakujibu shukuru Mungu, wenzio hata hicho hawana. Ni kweli kabisa, lakini shukrani na kukosa hamu vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwahiyo usione aibu kulisema.

Hapa naandika namna ya kufanya, kadiri mambo kama haya yanavyoweza kuelekezwa, ila msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kusudi la mtu mzima mara nyingi halipatikani kwa kukaa na kuliwaza kichwani mpaka lijitokeze. Linaingia kwa mlango wa kutegemewa, yani kuwepo mtu, au kikundi, au kazi fulani hata iwe ndogo kiasi gani, ambayo wewe usipotokea pengo linaonekana. Mengi nitakayosema yanazunguka hapo.

Alafu ujue haupo peke yako. Mwaka 1965 mtaalamu wa saikolojia Elliott Jaques aliandika makala iliyolipa jambo hili jina, mgogoro wa umri wa kati, na hoja yake ilikuwa kwamba mtu akifika katikati ya maisha ndo anatambua kwa dhati kwamba na yeye atakufa, sio kama habari ya kusikia bali kama jambo lake mwenyewe. Baadaye, mwaka 2008, wachumi David Blanchflower na Andrew Oswald walichambua takwimu za watu wa nchi nyingi wakaona kuridhika na maisha kunashuka kuanzia ujanani, kunafika chini kabisa kwenye miaka ya arobaini na kitu, kisha kunapanda tena. Wapo watafiti wanaolipinga hilo, na siku hizi kwenye nchi nyingi vijana wenyewe wana hali mbaya kiasi kwamba ile picha imeanza kubadilika. Ila kwa anayepitia, la kushika ni kwamba wengi waliopita hapo walitoka, na walio wengi hawakupata ule mtikisiko wa kuacha kazi, kuvunja ndoa na kukimbilia maisha mapya.

Anza na mwili, tafadhali

Hii hatua watu wanairuka sana na inaniuma kwasababu ndo rahisi kuliko zote. Mtu analala masaa matano kwa usiku mwaka hadi mwaka, anakaa kwenye kiti kutwa, jioni anashusha stresi kwa pombe, alafu anasema nimepoteza dira ya maisha. Huenda dira ipo, kilichopotea ni usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau masaa 7, na pombe ya usiku hata kama inakuwahisha kulala inauvuruga huo usingizi wenyewe. Upungufu wa damu, tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, kufanya kazi chini ya kiwango, sukari iliyopanda bila wewe kujua, vyote hivi vinaleta uchovu unaofanana kabisa na kukata tamaa, na vinapimwa kwa damu kidogo tu.

Kwa wanawake kuna jambo la ziada ambalo halizungumzwi vya kutosha. Hedhi kwa wengi inakoma kati ya miaka 45 na 55, na miaka kadhaa kabla haijakoma homoni zinapanda na kushuka bila mpangilio, usingizi unakatika katikati ya usiku, joto linakuja ghafla, hasira zinakuwa karibu, unasahau jina la mtu unayemfahamu vizuri. Dada anaweza kukaa miaka mitatu anajilaumu kwamba amekuwa mvivu na mkorofi kumbe ni mwili unabadilika na kuna matibabu yake. Nenda ukaulize, na ukijibiwa kwamba ni umri tu vumilia, muone daktari mwingine.

Na kama huzuni au kukosa hamu kumekaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na kuvurugika kwa usingizi na hamu ya kula, kushindwa kutuliza akili, kujiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa, unatibika, na mwongozo kama huu hautoshi. Kama kuna mawazo ya kujiua usisubiri hata kesho, mwambie mtu leo na muende naye hospitali leo hii.

Jua ni kitu gani hasa kinakusumbua

Sentensi ya "sina kusudi" ni kubwa mno, ndani yake kunakuwa na mambo tofauti kabisa na kila moja lina dawa yake, na ukikosea dawa unaongeza ugonjwa. Mi naona yapo manne yanayojirudia.

La kwanza ni uchovu. Kipimo chake: fikiria umepewa siku tatu, hakuna anayekuhitaji, simu imezimwa, hakuna deni wala mgonjwa. Ungetaka kufanya nini? Kama jibu pekee linalokuja ni kulala, basi hapo usitafute kusudi, tafuta namna ya kupunguza mzigo, maana ukiongeza shughuli mpya juu ya uchovu, hata iwe nzuri vipi, wiki ya tatu utakuwa umeiacha na umejiongezea sababu ya kujilaumu.

La pili ni huzuni ya kupoteza. Umri huu ndo wazazi wanaondoka, watoto wanahama nyumbani, ndoa nyingine zinakufa kimya kimya, mwili unakataa vitu ulivyovizoea, na kuna watu wanaomboleza mtoto ambaye hakuzaliwa na hakuna aliyewahi kuwapa pole. Huzuni ya namna hii haitaki malengo mapya, inataka kuliliwa. Kaa nayo, izungumze, itaje kwa jina. Hamu inarudi baadaye yenyewe, pole pole, na mara nyingi inarudi ikiwa imebadilika sura.

La tatu ni kuchoshwa na mazoea, hapa nguvu unazo ila huna pa kuzipeleka. Unaijua kazi yako mpaka unaweza kuifanya umefumba macho, mikutano unajua nani atasema nini. Huyu ndo mtu ambaye ushauri wa kujaribu vitu vipya unamfaa hasa.

La nne ni kinyongo, na hili linajificha kuliko yote. Umetoa miaka na miaka, kazini au nyumbani, na hujaona kikirudi kitu, au kuna mdogo wako kiumri kapandishwa cheo wewe umeachwa, au mwenzako alipata nafasi ya kusoma wewe ukabaki na watoto. Dalili yake ni kwamba ukiwa unaoga au unaendesha gari unajikuta unagombana na mtu kichwani, unampa hoja zote, na unashinda. Hapo hata ukianzisha miradi kumi hamu haitarudi mpaka mazungumzo yale yafanyike kwa kweli, au uweke mpaka wa nini utakubali na nini hutakubali tena. Mtu anaweza kuwa na mawili au matatu kwa pamoja, sio tatizo, ila anza na lile linalouma zaidi.

Daftari la wiki mbili

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chukua daftari la kawaida, sio programu ya simu kwasababu ukifungua simu utaishia kwingine, na kila usiku kwa wiki mbili andika mistari miwili tu. Wa kwanza, leo ni wakati gani nilisahau kuangalia saa, au nilihisi nipo hai. Wa pili, leo ni wakati gani nilihisi nguvu zinanivuja. Usiandike hisia kwa ujumla kama "nilikuwa na furaha", andika tukio lenyewe, nani alikuwepo, ulikuwa unafanya nini kwa mikono au mdomo, ilikuwa muda gani. Siku ukikosa cha kuandika kwenye mstari wa kwanza, andika kilichokaribia.

Wiki mbili zikiisha kaa chini na kalamu ya rangi nyingine upigie mstari vitendo. Nasisitiza vitendo, sio vyeo wala majina ya fani, maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Mwalimu amechoka na anasema ualimu umemkinai, ila daftari linaonyesha kwamba kila alipobaki baada ya kipindi akimuelekeza mwanafunzi mmoja aliyekwama, saa ilipita bila yeye kujua, na kilichomvuja nguvu ni kusahihisha na vikao. Kwahiyo huyu hajachoka kufundisha, amechoka mambo mengine, na kitendo chake ni "kumfafanulia mtu mmoja aliyekwama". Mhasibu anakuta kwamba raha yake sio hesabu bali ni pale mtu anapokuja na makaratasi yamevurugika wayapange pamoja mpaka yaeleweke. Fundi anagundua anapenda kuongea na mteja kuliko kutengeneza. Ukishakijua kitendo chako unaweza kukipeleka popote, ndani ya kazi uliyonayo au nje yake, na huhitaji kuacha chochote ili uanze.

Kama baada ya wiki mbili mstari wa kwanza uko mtupu siku zote, rudi juu kwenye mwili na sonona, usijilazimishe.

Nani atajua usipotokea?

Hapa ndo kwenye kiini. Mwanasaikolojia Erik Erikson mwaka 1950 aligawa maisha ya mtu katika hatua nane, na ile ya utu uzima akaielezea kama mvutano kati ya kudumaa na kulea kinachokuja baada yako. Kulea huko hakumaanishi watoto wa kuzaa peke yake. Anayemuelekeza kijana wa kazini, anayetunza bustani ya wote, anayeandika historia ya ukoo ili isipotee, wote wapo kwenye kulea. Na kudumaa alikoona yeye ndo kile tunachokihisi, mtu kujizunguka mwenyewe, kila siku unajipima tu je nina furaha, je nimefanikiwa, na kadiri unavyojipima ndivyo hamu inavyokimbia.

Kwahiyo chukua kile kitendo kutoka kwenye daftari, ujiulize ni nani anakihitaji na nitamfikia vipi kila wiki. Sio watu wote, sio jamii, mtu mmoja au kikundi kimoja unachoweza kukitaja. Ila kuna masharti matatu ambayo mi naona bila hayo haifanyi kazi. Iwe inajirudia kwa siku inayojulikana, kwasababu msaada wa mara moja moja unakupa raha ya jioni moja tu, lakini ule wa kila Jumamosi unakupa sababu ya kuamka Jumamosi. Iwe ndogo kiasi kwamba hata wiki mbaya unaiweza, saa moja inatosha kabisa. Na iwe ya kuonekana pengo, yani usipokwenda mtu akupigie akuulize vipi, leo umepatwa na nini.

Mifano ya kawaida kabisa: kumsomea gazeti mzee ambaye macho yamepungua. Kumsaidia kijana mmoja anayeanza kazi kama yako, mkutane mara moja kwa wiki alete anachokwama nacho. Kutunza vitabu vya hesabu vya kikundi chochote cha kujitolea, maana kila kikundi kinalia hakuna mtu wa hesabu. Kuwa kocha msaidizi wa watoto. Kuimba kwaya, ndio, hata kwaya, kwasababu sauti yako ikikosekana wenzako wa sauti hiyo wanajua. Usianze na kuanzisha taasisi. Watu wa umri huu wakipata moto wanataka kusajili kitu, kuchapisha fulana, kufungua kurasa mitandaoni, na nguvu yote inaishia kwenye maandalizi kabla hata mtu mmoja hajasaidiwa.

Usisubiri uwe na ari ndipo uende, tena hili lina msingi wa kitabibu, kuna tiba ya sonona inayojengwa juu ya jambo hilo hilo, mtu anapangiwa shughuli zenye maana kwake anazifanya hata kama hajisikii, na hali ya moyo inafuata nyuma. Mara tatu nne za mwanzo utahisi unaigiza. Ni kawaida, endelea.

Na mahusiano yenyewe ni sehemu ya dawa. Chuo kikuu cha Harvard kina utafiti ulioanza mwaka 1938 unaofuatilia maisha ya watu wale wale kwa miongo mingi, na kitu kilichojitokeza tena na tena ni kwamba ubora wa mahusiano una uzito mkubwa sana kwenye afya na furaha ya uzeeni. Kwa wanaume hasa naomba mnisikie hapa, wengi wetu tukifika miaka 45 marafiki wamebaki wa kwenye gruupu tu, tunatumiana vichekesho na pole za misiba. Chagua wawili, wapigie kwa sauti, panga kukutana kwa siku inayojirudia.

Kama wewe tayari umebeba kila mtu

Kuna msomaji amesoma hapo juu akasema sasa huyu anataka niongeze mtu mwingine wa kunitegemea wakati nina watoto, nina wazazi wagonjwa, nina wadogo wananipigia kila mwisho wa mwezi. Ndugu yangu, wewe ushauri wako ni mwingine kabisa, na usikubali mtu akupe ule wa kwanza. Wewe unategemewa kupita kiasi, kinachokosekana ni kitu ambacho ni chako, kisichomsaidia yeyote, kisichoingiza hela, kisicho na maelezo.

Tafuta nusu saa mara mbili kwa wiki. Itangaze nyumbani mapema na kwa utulivu, sio siku umekasirika: "Jumanne na Alhamisi saa mbili usiku nitakuwa chumbani kwangu nusu saa, labda nyumba iungue ndo mnigongee." Wiki za kwanza watagonga. Jibu kwa upole kwamba bado dakika kadhaa, usifungue mlango. Wanajaribu kama unamaanisha, na wakishaona unamaanisha wanazoea haraka kuliko unavyodhani. Ndani ya nusu saa hiyo soma, chora, sikiliza mziki ulioupenda ukiwa na miaka 19, au usifanye kitu. Isiwe muda wa kupanga nguo.

Pia angalia ule mzigo wenyewe, kuna vitu unavibeba kwasababu hakuna aliyeombwa. Kaka zako hawajui kama umechoka kwasababu kila mwezi unafanya bila kusema. Waite, waambie hili mimi naendelea nalo, hili nawaachia nyie kuanzia mwezi ujao. Watanuna. Wanune.

Kuona upya vitu vya kila siku

Kusudi ni jambo la wiki na miezi, ila ule msukumo wa siku kwa siku unatokana zaidi na namna unavyoangalia. Binadamu tunazoea haraka sana, zuri na baya, na tulichokizoea hatukioni tena. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo wazee waliambiwa watembee dakika 15 mara moja kwa wiki kwa wiki nane, kundi moja likatembea kawaida tu, lingine likaelekezwa kutafuta kitu cha kustaajabia kila wanapotembea, liangalie kama mtoto anavyoangalia. Wale wa kustaajabu waliripoti hisia nzuri zaidi, na kwenye picha walizojipiga safarini walionekana kidogo kidogo wanajitoa katikati ya picha na kuacha mazingira yachukue nafasi kubwa. Kwangu hilo la picha ndo la maana kuliko yote, maana shida kubwa ya kipindi hiki ni mtu kujijaza yeye mwenyewe kwenye kila kitu.

Kufanya ni rahisi: toka bila kuweka kitu masikioni, simu mfukoni, tembea dakika 15, uchague kila mara jambo moja la kulifuatilia. Leo kuta tu, zimejengwaje, wapi zimepasuka. Wiki ijayo sauti. Nyingine mikono ya watu wakiwa kazini. Unarudi umeona, sio umepita. Kutembea kwenyewe kunakusogeza kwenye zile dakika 150 za mazoezi kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri kwa watu wazima, kwahiyo hupotezi kitu.

Alafu jifunze kitu ambacho hukijui kabisa. Sio kozi ya kuongeza cheo, ninasema kitu utakachokuwa mbaya nacho miezi sita: gitaa, lugha, kuogelea, kushona, hesabu ulizozikimbia shuleni. Umri huu umezoea kuwa mtu anayejua, watu wanakuuliza wewe, na kuwa mwanafunzi tena kunakufungua sehemu iliyokuwa imelala. Na usiseme ubongo umezeeka, watafiti nchini Ujerumani mwaka 2008 walionyesha kwamba hata watu wa umri wa takriban miaka 60, waliojifunza kurusha na kudaka mipira mitatu kwa miezi mitatu, ubongo wao ulibadilika kwenye picha za vipimo. Wachache walifika ustadi wa vijana, ni kweli, ila ubongo ulijibu.

Kazini

Kwenye kazi sitakaa sana, isipokuwa jambo moja. Mwaka 2001 watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika kuhusu wasafishaji wa hospitali moja Marekani, kazi ile ile, wengine waliona ni kufagia tu, wengine walijiona ni sehemu ya kuponya wagonjwa, na hawa wa pili walikuwa wanafanya vitu ambavyo hawakupangiwa, wanaongea na wagonjwa, wanawaangalia, wanapanga usafi kwa namna ya kumsaidia muuguzi. Walikuwa wameibadilisha kazi kutoka ndani. Rudi kwenye kile kitendo chako, umwombe bosi wako kimoja kinachofanana nacho, kwa mfano kupokea wafanyakazi wapya, na uombe kupunguziwa kimoja kinachokuvuja. Ombi dogo lenye faida kwao linakubaliwa mara nyingi kuliko tunavyofikiri. Kama bado unataka kuhama kabisa, sawa, ila ijaribu kazi hiyo mpya jioni au wikiendi kwa miezi kadhaa kwanza, na usitoe uamuzi wa kuacha kazi au kuacha mwenza kwenye wiki ambayo hujalala vizuri.

Ndoto za zamani

Hapa panauma kwahiyo enda taratibu. Andika ndoto zote ulizokuwa nazo ukiwa na miaka 20, hata zile unazoona aibu. Kisha mbele ya kila moja weka alama: imefungwa kabisa, imepungua ukubwa, au bado wazi. Kuna zilizofungwa kweli, huwezi kuwa mchezaji wa kimataifa ukiwa na miaka 47, na hizo zinahitaji kuagwa kwa heshima. Kama inauma sana, kuna njia aliyoifanyia utafiti mwanasaikolojia James Pennebaker kuanzia miaka ya 1980, unaandika juu ya hilo jambo dakika 15 kwa siku nne mfululizo bila kujali herufi wala mpangilio, hakuna atakayesoma, ukimaliza unaweza kuchana. Unaweza kujisikia vibaya siku hiyo hiyo, ila wengi wanaona nafuu inakuja baadaye. Kama jambo lenyewe ni jeraha zito sana, lifanye ukiwa na mshauri.

Ila utashangaa ngapi zinaangukia la katikati. Ulitaka kuwa mwandishi maarufu, umaarufu huenda usije, ila kuandika kupo, kesho asubuhi kupo. Ulitaka kuwa daktari, udaktari umepita, lakini kukaa na mgonjwa hakujapita. Tukiwa vijana tulifunga kitendo na cheo pamoja, na cheo kilipokosekana tukatupa vyote viwili. Kichukue kitendo peke yake.

Mwambie mtu wa nyumbani

Mwenza wako anaona umebadilika, na usipomwambia atajaza mwenyewe: ana mtu nje, amenichoka, anaficha deni. Mwambie kwa maneno mepesi tu, "nina kipindi nimekosa hamu ya mambo, sio kosa lako, sitafuti mtu mwingine, nataka kujaribu vitu viwili vitatu na nitahitaji Jumamosi asubuhi." Usimtwishe kazi ya kukutibu. Na muulize na yeye, maana mara nyingi mko umri mmoja na anapitia hicho hicho akiwa kimya upande wake wa kitanda.

Kuhusu kuzoea, ule msemo wa siku 21 achana nao. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London uliochapishwa 2010 ulikuta tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kujiendesha yenyewe, na tofauti kati ya watu ni kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwahiyo funga jambo lako kwenye kitu unachokifanya tayari, nikishavua viatu vya kazini naandika mistari miwili, usiliache lielee. Anza na jambo moja, sio yote ya humu.

Ikifika miezi mitatu rudia lile daftari la wiki mbili, ulinganishe. Kama shughuli uliyochagua haijawahi kuingia hata mara moja kwenye mstari wa kwanza, aga vizuri uondoke, jaribu nyingine, hakuna deni hapo. Kama imeingia, muulize yule mtu au kikundi kama bado wanahitaji kile kile, maana mahitaji yanabadilika na ukiendelea kumfundisha kijana anachokijua tayari mtachoshana. Akishaweza mwenyewe mpe mwanafunzi wake wa kwanza, wewe ubaki wa kupigiwa simu wakikwama wote wawili.